Upo? Nipo: salamu za mtaani na mapengo ya Kiingereza sanifu

Kwa miaka mitatu nilifanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee mjini Nottingham, katikati ya Uingereza. Kila alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu, nilipita chumba kwa chumba na sinia la chai. Chumba cha mwisho alikaa mzee aliyeingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka kumi na tano, akatoka humo mvi zimeshaanza. Vidole vyake vilikuwa vimepinda. Juu ya mkono wa kushoto, chini ya ngozi, palikuwa na mstari wa buluu kama uliochorwa kwa kalamu: jeraha lililoingiwa na vumbi la makaa likafunga nalo. Nikifungua mlango tu, yeye ndiye aliyeniwahi: "Ey up, me duck."

Ukiyafasiri maneno hayo moja moja, mzee alikuwa ananiita bata wake. Na hiyo "ey up" sikuwahi kuiona katika kitabu chochote nilichosomeshwa Morogoro. Asubuhi ya kwanza nilisimama na kikombe mkononi, nikajibu kama tulivyokuwa tukijibu darasa zima kwa sauti moja: "I am fine, thank you, and how are you?" Mzee akapokea chai, akaiweka kwenye kimeza, akaniambia taratibu kama anayemfundisha mjukuu kufunga kamba za viatu: "You just say it back, duck." Wewe nirudishie hiyo hiyo.

Nikamrudishia. Tangu hapo nina daftari la salamu. Nimeandika za wauguzi wa Kinigeria niliofanya nao kazi, za madereva wa basi wenye asili ya Jamaika, za mafundi bomba kutoka Scotland, za Waganda na Wakenya tuliokutana misibani na harusini. Kadiri daftari linavyojaa ndivyo ninavyozidi kuachana na kile nilichofundishwa. Niliambiwa kuna Kiingereza na kuna Kiingereza kibovu, na kwamba salamu za mtaani ziko kwenye fungu la pili. Mimi nimefika kwingine. Salamu hizi zinaziba mapengo ambayo Kiingereza sanifu kimeyaacha wazi, na mengi ya mapengo hayo Mswahili anayaona upesi, kwa sababu lugha yake haina.

Kwanza tuondoe dhana kwamba salamu ya mtaani ni neno zuri lililochakaa kwa kusemwa ovyo. Nyingi kati yake ni kongwe kuliko zile za darasani. Magharibi ya Birmingham, katika miji kama Dudley na Walsall, wazee bado husalimiana "'Ow bist?" Mgeni hudhani ni ulimi uliolegea. Lakini "bist" ilikuwa kitenzi halali cha Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani wa Ufaransa kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, na Wajerumani wanaitumia hadi leo wakimwambia mtu "wewe u". Kiingereza sanifu ndicho kilichoiacha. Watu wa viwandani wakabaki nayo. Mzee wangu wa Nottingham naye alizaliwa katika mji uliokuwa miongoni mwa ngome tano za Wadenmaki katika karne ya 9, na wapo wanaoihusisha "ey up" na lugha ya watu hao wa kaskazini. Mswidi wa leo akitaka uwe macho hukwambia "se upp".

London kuna "wotcha". Asili yake ni "what cheer", na zamani "cheer" ilikuwa uso, kisha ikawa hali ya moyo inayoonekana usoni. Kwa hiyo anayesema "wotcha" anauliza: uso wako u hali gani leo? Shakespeare aliiweka katika mistari ya kwanza kabisa ya The Tempest, tamthilia ya mwaka 1611, kinywani mwa baharia aliye katikati ya dhoruba. Salamu hiyo ikavuka bahari pia. Kwa masimulizi ya jimbo la Rhode Island nchini Marekani, Roger Williams alipofika mwaka 1636 mahali utakapojengwa mji wa Providence, wenyeji wa kabila la Narragansett walimlaki kwa "What cheer, netop?", na "netop" kwao ni rafiki. Hadi leo maneno "What Cheer" yamo katika muhuri wa mji huo.

Sasa linganisha na "hello", salamu ambayo hakuna mwalimu atakayekusahihisha ukiitumia. Tahajia hiyo ni ya karne ya 19. Ilikuwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali, au ya kuonyesha mshangao. Simu ilipoingia, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wake, alitaka watu waanze mazungumzo kwa "ahoy", mwito wa mabaharia; Thomas Edison mwaka 1877 akapendekeza "hello", na Edison akashinda. Sisi wenyewe tukaipokea kwa njia ya waya, tukaifanya "haloo", na wengi wetu bado hatuitumii ila tukiwa na simu sikioni. Salamu yenye heshima zote darasani ni ukelele wa juzi, na ile tunayoiita ya kihuni ilisemwa jukwaani miaka zaidi ya 400 iliyopita.

Umri peke yake hautoshi kuipa salamu heshima, lakini. Kinachoipa ni kazi inayofanya, na hapo ndipo Kiingereza sanifu kinapoonyesha mapengo yake.

Chukua jambo dogo la wingi. Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mmoja na "ye" kwa wengi. Kikaziacha zote mbili, kikabaki na "you" inayobeba mmoja na umati. Ukiwa na watu kumi mbele yako, "how are you" haikuonyeshi umemsalimia nani. Mtaa haukuvumilia hilo. Kusini mwa Marekani wakasema "How y'all doin'?" Dublin na Liverpool wakatengeneza "yous". Nairobi nao wakafanya lao kwa sarufi ya Kiswahili: "Hawayuni!" Ile "-ni" ya karibuni na kwaherini imebandikwa mwisho wa sentensi nzima ya Kiingereza, na sentensi ikakubali. Nimesikia watu wazima wakiikemea "hawayuni" kwamba si Kiingereza wala si Kiswahili. Mimi naona ni kijana wa Eastlands aliyehisi pengo bila kuambiwa na mtu, akaliziba kwa kifaa kilichokuwa karibu na mkono.

Pengo la pili ni zito zaidi. Mtu anafyeka majani kando ya njia, nawe unapita. Kwa Kiswahili huwezi kumpita kimya. Utasema "pole na kazi", au "za kazi?", naye ataitikia bila kuinua mgongo, ukaendelea na safari. Kwa Kiingereza sanifu utasema nini? Hakuna. Kuna "good morning", lakini hiyo inasalimia saa, haisalimii jasho. Nigeria walikutana na pengo hili. Mwyoruba kwao husema "ẹ kú iṣẹ́", salamu ya kumheshimu aliye kazini, na alipoanza kutumia Kiingereza akatafuta maneno ya kuibeba, akapata "well done". Uganda, upande wa pili wa bara, Mganda ana "gyebale ko", naye alipotafuta akaangukia papo hapo: "well done". Muuguzi wa Ibadan na mwenzake wa Masaka waliniambia "well done" usiku mmoja, nikiwa nabadilisha shuka, kabla sijafanya chochote cha kupongezwa. Mwingereza tuliyekuwa naye zamu aliuliza nimefaulu nini. Hakuwa na ubaya. Kwake "well done" ni hukumu inayotolewa kazi ikiisha, na kwa hawa wawili ni mkono unaowekwa begani kazi ikiwa inaendelea.

Watu wa Lagos na wa Kampala hawakukaa kikao. Walikuwa na adabu inayofanana, pamoja na lugha ngeni yenye tundu mahali pale pale.

Na ipo "You are lost." Hii ni yetu kabisa, ya Kiingereza cha Nairobi na Kampala, na mama yake ni "umepotea". Mwingereza akiisikia ataelewa kuwa hujui njia. Sisi tunaelewa kwamba kuna siku zilizohesabiwa, kwamba kiti chako kilionekana kitupu, na kwamba anayekulaumu ana haki ya kukulaumu. Nimeona walimu wakiikata kwa kalamu nyekundu. Lakini "long time no see", ambayo leo imo katika kamusi za Kiingereza na hakuna anayeikata, nayo ilitoka kwenye pijini, lugha ya mchanganyiko inayozuka watu wa lugha mbalimbali wanapokutana. Wanaobishana wanabishana tu kama ni ya Wachina wa bandarini au ya wenyeji asilia wa Amerika. Sarufi yake ni mbovu kuliko ya "you are lost", ambayo haina kosa lolote. Tofauti ni nani aliyeisema na nani aliyeizoea.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ukurasa unaofuata wa daftari langu ndio ninaoupenda kuliko yote.

Muuguzi wa Kinigeria ukimuuliza "How far?", yaani safari imefika wapi, hajibu "fine". Anajibu "I dey." Dereva wa basi mwenye asili ya Jamaika ukimwambia "Wah gwaan?", kuna nini kinachoendelea, mara nyingi atajibu "Mi deh yah." Nami nikipigiwa simu na shangazi yangu Kilosa akauliza "Upo?", namjibu "Nipo." Au kwa wingi, hata nikiwa peke yangu chumbani: "Tupo." Watu watatu, bahari mbili kati yao, na jibu ni moja. Wote watatu hawasemi wako vizuri wala vibaya. Wanasema wapo.

Hii haikutokea hivi hivi. Kiingereza sanifu kina "is" moja inayofanya kila kazi: "she is a teacher", "she is at home". Kiswahili hakichanganyi. Yeye ni mwalimu. Yeye yuko nyumbani. Kuwa kitu ni jambo moja, kuwapo mahali ni jingine, na kwa hilo la pili tuna -po, -ko na -mo. Kiyoruba nacho kina "jẹ́" ya kuwa kitu na "wà" ya kuwapo. Pijini ya Nigeria ikagawa vivyo hivyo: "I be teacher", lakini "I dey house". Na Jamaika, kati ya watu ambao mababu zao walipakiwa melini Afrika Magharibi na kushushwa kwenye mashamba ya miwa, mgawanyo ukabaki ulivyo: "Mi a ticha", lakini "Mi deh yah". Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Lugha zenyewe za mababu zilikuwa zimevunjwavunjwa mashambani, watoto wakikua na maneno ya bwana mkubwa. Maneno yakawa ya Kiingereza. Mahali pa kuyaweka pakabaki pao.

Wanaisimu wengi leo wanazihesabu Kijamaika, Krio ya Sierra Leone na pijini ya Nigeria kuwa lugha kamili, si lahaja za Kiingereza, na sina ugomvi nao. Lakini mtoto aliyekulia na Kijamaika bado anaambiwa shuleni na barabarani kwamba anaongea Kiingereza vibaya, kwa hiyo hoja yangu inamhusu. Ninapomsikia mtu akisema "Mi deh yah" nasikia kitenzi kilichovuka bahari bila hati yoyote, kikiwa hakina hata sauti yake ya awali, kimebaki na maana tu. Kwa watu waliohesabiwa kama mzigo katika vitabu vya meli, jibu la "nipo hapa" lina uzito ambao "fine, thank you" haiwezi kuubeba.

Nigeria wana pia "How body?", na Sierra Leone "Aw di bodi?" Mwili u hali gani. Mnigeria mmoja alizoea kunijibu "Body dey inside cloth", mwili umo ndani ya nguo. Ile "-mo" yetu kabisa. Alikuwa na watoto wanne nyumbani na kazi mbili, na sikumsikia akijibu vingine.

Kutoka hapo tunaelewa kwa nini "You alright?" ya Waingereza inawaumiza wageni wetu. Dada mmoja kutoka Nakuru alianza kazi mwezi mmoja na mimi. Siku yake ya tatu alinivuta pembeni, macho yamelowa, akaniuliza kama anaonekana mgonjwa, kwa maana watu wanne asubuhi hiyo walimuuliza kama yuko sawa na hakuna aliyesimama kusikia jibu. Alidhani wanamshuku. Nilimweleza kwamba ile si swali. Mwaka 1923 Bronisław Malinowski, aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand karibu na New Guinea, aliandika kwamba yapo mazungumzo ambayo kazi yake ni kuunganisha watu kwa kule kubadilishana maneno tu, bila kupashana habari. Bibi yangu asingehitaji kitabu kwa hilo. "Hujambo" ni swali kama una jambo, maana yake tatizo. Na hakuna anayetarajia uyataje majambo yako mlangoni. Unasema "sijambo" hata kama unalo. Habari ni nzuri kwanza, halafu ndiyo unaongeza "ila mtoto anaumwa".

Fundi bomba wa Aberdeen aliyekuja kurekebisha mabomba yetu alikuwa na salamu ambayo hata Waingereza wenzake waliishangaa: "Fit like?" Kaskazini-mashariki mwa Scotland sauti ya "wh" huwa "f", kwa hiyo alikuwa anauliza hali ikoje. Jibu lake: "Nae bad, foo's yersel?" Si mbaya, na wewe mwenyewe? Nilifurahi siku hiyo kuliko alivyoelewa. Mtu wa Aberdeen na mtu wa Pangani, wote wawili hawadai heri, wanakanusha shari. Sijambo. Nae bad. Waaustralia nao, ukiwauliza "How ya goin'?", wengi hujibu "not bad". Darasani tulilazimishwa kudai "fine" kama vile kila siku ni sikukuu, na sasa naona kwamba hata Waingereza wenyewe mtaani hawajibu hivyo. Tulifundishwa jibu ambalo karibu hakuna mtu analitumia.

Ndiyo maana nakasirika salamu zinapopigwa marufuku, na zinapigwa marufuku kwa urahisi sana. Mwaka 1984 huko Auckland, New Zealand, opereta wa simu wa Kimaori, Naida Glavish, alikuwa akipokea simu kwa "kia ora", salamu ya Kimaori inayomtakia mtu uzima. Wakubwa wake wakamtaka aache, atumie za Kiingereza peke yake. Akakataa, akaadhibiwa kazini, na nchi nzima ikagawanyika juu ya maneno mawili. Watu wakawa wanapiga simu makusudi wakianza wao na "kia ora". Jambo likafika hadi kwa waziri mkuu, Robert Muldoon, na mwisho opereta akaruhusiwa. Miaka mitatu baadaye Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi. Leo wahudumu wa ndege wa shirika la Air New Zealand wanawapokea abiria kwa salamu ile ile, na kwa wakazi wengi wasio Wamaori imekwisha kuwa sehemu ya Kiingereza chao. Hakuna aliyepotelewa na Kiingereza kwa ajili hiyo.

Kwetu marufuku hiyo bado iko ukutani, kwa rangi ya mafuta: ukivuka geti hili, Kiingereza tu. Mtoto aliyeingia amemsalimia bibi yake "shikamoo" dakika kumi zilizopita anafundishwa kwamba salamu ni mbili: "good morning" na "how are you". Haambiwi kwamba kuna watu milioni nyingi wenye Kiingereza chao ambao wangemwelewa upesi zaidi akisema "pole na kazi" kwa namna yake. Haambiwi hata kwamba Uingereza yenyewe haina Kiingereza kimoja. Anakua akiamini kuna mlango mmoja, na siku anatua Leeds au Aberdeen anakuta hakuna anayeutumia. Singekuwa na neno kama somo hilo lingekuwa mwanzo tu wa kujifunza. Linafundishwa kama mwisho.

Lipo onyo moja, na ni la haki. Salamu ya mtaani ina mwenyewe, na ina rika. Mnigeria hamwambii "how far" baba wa rafiki yake. Huyo ni "good morning, sir", na magoti yainame kidogo. Ni sheria ile ile inayotuzuia kumwambia mzee "mambo vipi". Kwa hiyo anayetetea salamu hizi hatakiwi kuzimwaga kila mahali. Barack Obama, akiwa rais wa Marekani, aliposimama Chuo Kikuu cha West Indies jijini Kingston tarehe 9 Aprili 2015 na kuwauliza vijana "Wah gwaan, Jamaica?", ukumbi ulilipuka. Mwezi Julai mwaka ule ule, Kasarani jijini Nairobi, akasema "Niaje wasee", na ukumbi ukalipuka vile vile. Alikuwa mgeni mahali pote pawili, ingawa Nairobi ana damu yake. Kilichofanya ikubalike, naamini, ni kwamba aliisema kwa vijana, mbele yao, mara moja, na akaisema kama salamu badala ya kuigiza lafudhi yao. Angeirudia mara tano ingekuwa mchezo.

London ndiko nilikoona sheria hii ikitendwa bila kufundishwa. "Wah gwaan" iliingia na Wakaribi, wale waliokuja na meli ya Empire Windrush iliyotia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 na waliowafuata, na leo "wagwan" ni ya kijana yeyote wa mitaa ile, awe Mghana, Mbengali, Mkongo au Msomali. Kaskazini mwa jiji hilo kuna jamii ya watu wa Barawa, waliokimbia vita Somalia na Kiswahili chao cha Chimini. Nilikuwa kituo cha basi nikamwona kijana wao wa miaka kama kumi na sita akigonganisha ngumi na wenzake, wagwan huku na wagwan kule. Bibi yake akatokea dukani na mifuko. Kijana akawaacha wenzake, akaupokea mkono wa bibi akaubusu, akamsalimia kwa Chimini, akachukua mifuko. Wenzake wakasogea kumpisha bibi, na mmoja wao, sura ya Kijamaika, akavua kofia yake. Hakuna aliyechanganya mlango na mlango.

Kila mwezi napata ujumbe kutoka kwa vijana wanaojiandaa kuja huku kikazi, wakiuliza wajiandae na nini. Nawaambia wanunue viatu vyenye soli nene na wajifunze kwamba "You alright?" hujibiwa kwa "You alright?" Wakipelekwa Nottingham au Stoke wasishangae kuitwa bata, wakipelekwa Bristol wataitwa "my lover" na mwanamke wa makamo anayewauzia mkate, na hana nia nyingine. Wajibu walivyosalimiwa. Wasicheke salamu ya mtu, na wasione haya kumwambia mwenzao wa Kampala "well done" mbele ya msimamizi.

Na wasikilize mdundo. Mwaka wangu wa pili baba yangu alifariki, nikakosa nauli na ruhusa kwa pamoja, akazikwa nikiwa kazini. Sikumwambia mtu. Asubuhi ya siku iliyofuata niliingia chumba cha mwisho na sinia langu, mzee akasema "Ey up, me duck", nami nikairudisha kama kawaida. Hakupokea kikombe. Akanitazama, akasema polepole, kila neno limekamilika, na ile "are" ambayo huwa wanaimeza akaitamka: "Are you alright?"

Nikamjibu kwanza "not bad", kama wanavyojibu wao na kama tunavyojibu sisi. Halafu nikaweka sinia chini, nikakaa kwenye kiti cha dirishani, nikamweleza.